Makofi ya Kahawa

Kwa sababu niliwahi kuimba besi kwenye kwaya ya kanisani kwetu Hasamba, na kwa sababu wenzangu wa kazi hii huongea kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto, chama chetu kilinifanya mshereheshaji wa kudumu. Sikuchaguliwa. Nilikabidhiwa kipaza sauti siku moja na hakuna aliyekumbuka kuninyang'anya. Chama chenyewe ni cha wataalamu wa takwimu za afya wa ukanda wetu. Tunachukua taarifa za magonjwa, vizazi na vifo kutoka hospitali na zahanati, tunazifanyia hesabu, na wakubwa huzitumia kuamua pa kupeleka dawa, wauguzi na majengo. Mama yangu, aliyenisomesha kwa kahawa yake, huwaambia majirani kwamba mimi nahesabu wagonjwa. Sijawahi kumsahihisha.

Nataka kusimulia siku tulipotambulisha viongozi wapya, kwenye ukumbi mmoja wa Tunduma, muda mfupi kabla ya mvua. Nimeshaisimulia mara nyingi kama kichekesho, na vichekesho vyake inavyo. Leo sina hamu ya kuchekesha mtu.

Dada yangu mkubwa ni mkunga. Alipangiwa zahanati iliyoko ng'ambo ya mto, kupita Kamsamba, bondeni kabisa kwenye mpunga na ng'ombe na lile joto ambalo sisi watu wa Mbozi, wa milimani, tukilikuta tunaona kama tumekosewa adabu. Tulidhani atarudi baada ya mwezi. Akakaa, akazoea, akawa mtu wa kule. Kiangazi mto wao ni mchanga mtupu na watoto wanachezea mpira katikati yake. Mvua zikishika, mto unajaa, zahanati inabaki peke yake, na mama ambaye uchungu wake umekwama hana njia ya kufika kituo kikubwa chenye chumba cha upasuaji.

Dada alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya kungojea. Vyumba vichache na jiko, vijengwe upande huu wa mto, jirani na kituo kikubwa, ili wajawazito wavuke mapema na kukaa hapo mpaka siku yao ifike. Aliomba, akaomba tena. Majibu yalikuja kwa lugha ya heshima sana. Mkoa wetu unafanya vizuri katika uzazi salama, yalisema, na iko mikoa yenye hali mbaya zaidi ambayo inabidi itangulie.

Na kwa kweli kwenye makaratasi mkoa ulikuwa unafanya vizuri. Sisi ndio tuliosema hivyo. Tulikuwa tunachanganya milima na bonde katika chungu kimoja, na milimani kuna watu wengi, barabara, na hospitali ambayo mtu anaifikia kwa bodaboda. Kuna siku nilijitia kumweleza dada maana ya wastani. Nilimwambia mtu wa Hasamba ana makoti mawili, mtu wa Kamsamba hana hata moja, tukiwachanganya kila mmoja ana koti moja. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Koti la nini na joto lile?" akasema. "Mimi nataka nyumba."

Mwenyekiti mpya tuliyekuwa tumemchagua nilisoma naye. Ni mwanamke wa hapo hapo Tunduma, nusu ya shangazi zake wako upande wa Zambia, ana akili kali na moyo safi. Nasisitiza moyo safi, kwa sababu habari hii ingekuwa nyepesi kusimulia kama angekuwa mtu mbaya. Nilipompelekea shida ya dada hakunizungusha. Alisema akishatambulishwa tu, jambo lake la kwanza litakuwa kusoma tamko: kuanzia sasa bonde lihesabiwe peke yake, lisifichwe tena nyuma ya milima. Bonde likionekana lilivyo, ombi la nyumba lingepata miguu ya kusimamia, maana wakubwa huwasikiliza wataalamu wanaposema kwa sauti moja.

"Na dada yako mlete," akaniambia. "Watu wamwone."

Dada akapanda na lori la mchele, na hakuja peke yake. Alikuja na mwanamke wa kijijini kwake, mjamzito, aliyekuwa anakuja kuwasalimia wakwe zake mjini na kutafuta vitenge vya kumbebea mtoto. Dada ndiye aliyemzalisha watoto wake wote waliotangulia. Yule mama alikuwa mtu wa kucheka haraka kisha kuziba mdomo kwa kiganja, kama aliyeiba kitu. Tulipokuwa tunakunywa chai nje ya ukumbi nilimuuliza kwa nini asibaki kwa wakwe mpaka ajifungue, kuliko kurudi bondeni na mvua ndiyo hiyo inakuja.

"Kaka, na mpunga wangu nani atapanda?" akasema. "Utapanda wewe?"

Akacheka, akaziba mdomo. Dada akanitazama kama anayeniambia: umeona? Ndiyo maana nataka nyumba karibu, siyo Tunduma.

Sasa, sisi tunajua kutambulishana. Kiongozi hatajwi akaishia hapo. Anatajwa na cheo, na alikotoka, na mwenzi wake, na mama mkwe kama amekuja, na kila mmoja anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi. Makofi yenyewe yana mitindo, na huko ndiko kipaji changu kilipo. Nina makofi ya kahawa. Nikisema "Chuma!" watu wanachuma hewani, nikisema "Menya!" wanasugua viganja, nikisema "Mwaga!" wanapiga kofi moja kubwa na kumwelekezea mhusika. Tunduma huwa naanza kwa salamu ya Kibemba, "Mulishani mukwai!", na ukumbi unaitika "Bwino!" kwa sababu karibu kila mtu ana ndugu ng'ambo ya mpaka. Baada ya hapo hata mwanatakwimu anachangamka.

Asubuhi tulikuwa tumeshachelewa kwa kosa ambalo sijui watu gani wengine duniani wangelifanya. Kwenye uchaguzi wa mweka hazina kulikuwa na kura ambazo hazikuandikwa kitu. Mahali pengine kura tupu ni tupu, inawekwa pembeni, maisha yanaendelea. Sisi tukaanza kubishana kama wale walioziacha tupu wamewakataa wagombea wote au hawakuwa wameamua, na kama ni haki kukisia wangemchagua nani. Mjadala ulikuwa mtamu. Ulikula saa nzuri za asubuhi, na wenyewe walioziacha tupu walikuwa humo humo ukumbini, hakuna aliyefikiria kuwauliza.

Kwa hiyo mchana ndipo nilipoanza utambulisho. Nikawatambulisha mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, na watu wao. Nilipofika mwisho nikamwona dada nyuma kabisa na yule mama pembeni yake, na nikajisikia vizuri, nikasema leo tuna wageni kutoka bondeni. Dada akasimama. Yule mama akasimama, mkono mdomoni. "Chuma! Menya! Mwaga!" Ukumbi mzima ukammwagia. Sidhani kama kabla ya siku ile mtu wa bondeni alishawahi kutambulishwa kwenye mikutano yetu.

Ndipo mgeni rasmi akaingia, amechelewa kama wageni rasmi wanavyochelewa, na itifaki ikataka turudie yote tangu mwanzo. Nikarudia. Mara hii yule mama alisimama kwa kushika kiti cha mbele, na dada akamshika kiwiko.

Mwenyekiti akasoma tamko. Alilisoma vizuri, kwa sauti iliyofika nyuma, na mimi nikamwangalia dada nikaona ameketi ukingoni mwa kiti chake, mgongo wima, kama tulivyokuwa tukikaa kanisani siku ya Krismasi tukingoja zamu ya kuimba. Basi nilifurahi. Nilikuwa na hakika kabisa litapita.

Akainuka mzee wetu mmoja, aliyetufundisha wengi wetu kazi hii, mpole, asiye na ugomvi na mtu. Akapongeza uongozi mpya. Kisha akasema anazungumza kama mwanataaluma. Bonde lile, akasema, lina watu wachache na vizazi vichache. Ukilihesabu peke yake, kifo kimoja kinapandisha takwimu mpaka juu, mwaka unaofuata hakuna kifo, zinashuka mpaka chini, na tutakaotoka tumeaibika ni sisi. Vifo ni vichache mno kuweza kusema lolote la uhakika. Tusiwe na haraka. Tukusanye kwanza, mvua hizi na zinazofuata, mpaka namba zitoshe.

"Haba na haba hujaza kibaba," akamalizia.

Vichwa vikatikisika kukubali. Changu pia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba alikuwa sahihi. Kwa kanuni tulizosomea hakukosea hata neno moja, na ningekuwa nasahihisha mtihani ningempa alama zote.

Dada akanyoosha mkono. Nikampelekea kipaza sauti mwenyewe.

"Samahani, wazee wangu," akasema. "Hicho kibaba mnakijaza na nini?"

Kuna waliocheka, wakidhani ametania. Mgeni rasmi akatazama saa. Mwenyekiti akaikunja karatasi yake, kwa sababu na yeye alisomea alikosomea yule mzee. Mwishowe ikaundwa kamati ndogo. Dada akaombwa atume taarifa zake kila mwezi, zikiwa kamili, bila kuruka, ili bonde lijikusanyie namba zake. Likapitishwa kwa makofi. Unajua ya aina gani.

Kwenye chakula yule mama alikula pilau yake na ya dada. Dada alikuwa amekaa tu. Nilitegemea anikaripie na ningefurahi kukaripiwa.

"Wamenipokea vizuri," akasema. "Watu wako wana heshima, mdogo wangu."

Kesho yake wakarudi na lori lile lile, dada, yule mama na vitenge vyake.

Mvua zikaja. Mnara wa simu wa upande wao ukazimika, barabara ikakatika, mto ukafanya unavyofanya kila mwaka. Sisi tuna utaratibu: mwezi ukifika siku ya kufungwa, zahanati ambayo taarifa zake hazijakamilika inawekwa pembeni, haiingii kwenye hesabu. Si utaratibu wa kijinga. Taarifa nusu zinadanganya kuliko kukosa taarifa. Zahanati ya dada ikawekwa pembeni, na jirani zake wa bondeni pia, mwezi wa kwanza na uliofuata na uliofuata tena. Niliona majina yao yakitoka na nikaendelea na kazi, nikijua njia ya dada imefungwa, nikijua namba za bonde hazitakusanyika na tamko limekufa, na sikuwa na mahali pa kulipeleka hilo ninalolijua.

Mkoa ulipohesabiwa bila bonde, ukapendeza kuliko wakati wowote. Kwenye mkutano wetu uliofuata, huko Vwawa, uongozi mpya ukawasilisha mafanikio yake ya kwanza. Mwenyekiti alisoma namba zile taratibu, na katikati akaniangalia, mara moja tu. Alijua. Akashusha macho akaendelea kusoma, maana namba hazikuwa na kosa. Mimi nilikuwa na kipaza sauti. Chuma. Menya. Mwaga.

Dada alipiga simu mtandao uliporudi. Aliuliza hali ya mama na miguu yake, kama kahawa imechanua vizuri, kama na huku kwetu mvua imezidi. Nikamjibu yote.

"Yule mama uliyemtambulisha," akasema.

Uchungu ulikwama, akanieleza. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka mtoni. Ilikuwa mchana kweupe, mvua imekatika, na kule ng'ambo walikuwa wanaona mabati ya nyumba yanang'aa. Wanaume walijaribu maji mara mbili wakarudi. Wakakaa naye pale ukingoni, dada amempakata kichwa, wakingoja mto upungue. Haukupungua.

"Na mtoto?"

"Wote wawili."

Nilisema pole. Nikasema tena pole. Alikuwa halii. Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile ya kumuuliza mtu jina na umri.

"Sasa taarifa yake niitume," akaniuliza, "au bado ni wachache?"

Nikamwambia mwezi ule ulishafungwa. Akasema sawa, basi atamweka kwenye mwezi unaofuata.