Ruhusa ya Kumzika Mjomba

Kila Jumatatu, kabla hatujagusa chaki, mwalimu msaidizi alitusomea masharti ya darasa. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kanzu nyeupe kupita kiasi kwa mji wenye vumbi kama Morogoro, na aliyasoma kwa sauti ya khatibu. Kucha ziwe fupi. Kengele ikilia uwe umekwisha kukaa. Usimwonyeshe mwenzako, wala usichungulie kwake. Kiluguru kiachwe mlangoni. Andika njia yote uliyopita, kwa maana jibu lisilo na njia ni jibu la wizi. Sharti la mwisho alilisoma polepole: atakayekosa somo atapoteza nafasi yake, isipokuwa awe mgonjwa mwenyewe, au awe amefiwa na baba au mama.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi kumshinda mhadhiri, nilikwenda chuo kikuu na kukuta masharti yale yale, ila kucha zilikuwa zimesamehewa.

Lile lilikuwa darasa la hesabu za juu, enzi za Mdachi, wakati reli ilikuwa imekwisha kufika mjini na kuendelea bara. Mwenye darasa alikuwa bwana wa Kidachi, mpima ardhi, aliyetaka vijana wa kumsaidia kazi ya milimani. Alitufundisha kwamba mstari ulionyooka una mwinamo mmoja tu, lakini mlima una mwinamo wake kila unapokanyaga, na ipo hesabu ya kuupata mwinamo wa mahali padogo kuliko unyayo. Mimi mtoto wa Uluguru, niliyejifunza kutembea kwenye mteremko, nilifurahi mno kuambiwa hivyo na mtu aliyetoka mbali. Jumamosi moja, nikipanda kutoka Bigwa huku nikiikadiria miinamo kichwani, niliteleza nikaangukia shamba la maharage la watu. Mwenye shamba aliniuliza kama shuleni hawafundishi kutazama chini.

Aliyenipeleka shule alikuwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno juu yake. Mjomba alibeba mataruma ya reli begani mpaka bega likalala upande. Huko kazini alimwona mtu aliyesimama siku nzima nyuma ya kioo cha kupimia chenye miguu mitatu, akichungulia, habebi kitu, na jioni akapewa kiti. Mjomba akaamua palepale kwamba mpwa wake atachungulia, hatabeba.

Asubuhi moja, tukiwa mapumzikoni, nilimwona mama amesimama kwenye upenu wa darasa, kaniki imefungwa kiunoni. Alikuwa ameshuka mlimani tangu kabla ya alfajiri.

"Kaka amekwenda," akasema. "Wanakungoja wewe."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Kwetu jina la mtu haliachwi kaburini. Mtoto wa dada yake hunyolewa, hupewa lile jina mbele ya ukoo, na tangu hapo yeye ndiye marehemu: watu humsalimu kama walivyomsalimu yule, na deni la heshima ni lile lile. Mjomba alikuwa na dada mmoja, na dada huyo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Nisipokuwapo, jina lingekwenda kwa watu wa mbali, au lingepotea.

Jirani yangu wa dawati, mtoto wa mjini mwenye ulimi mwepesi, alinivuta kando.

"Sema baba amekufa. Wazungu hawaendi kukagua makaburi."

"Baba atakuja Jumamosi kuniletea ndizi."

"Basi tutakula ndizi za mzimu. Zina ubaya gani?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka. Kumtangazia mtu kifo naye yu hai, kwetu ni kumwita kaburini. Baba yangu alikuwa mtu mpole, mwenye kifua kibovu. Nisingeweza kumfanyia hivyo kwa ajili ya hesabu.

Mwalimu wa Tanga alitusikiliza, akakuna ndevu. "Mjomba hamo, ndugu yangu. Ni baba na mama tu."

Mama akauliza, "Mama yumo, mwalimu?"

"Mama yumo."

"Basi mwambie bwana nimekufa mimi."

"Lakini mama, umesimama hapa!"

"Nitakwenda kukaa nyuma ya nyumba."

Hakuna aliyecheka, hata yule wa ndizi. Mwalimu aliingia kwa bwana, nasi tukasikia sauti yake ikieleza, ikirudia, ikieleza tena. Nadhani alitutetea kadiri alivyoweza. Bwana alitoka mwenyewe. Hakuwa mtu mkali. Alimwangalia mama, akavua kofia yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba hata yeye mjomba wake alikufa kwao Ulaya, na habari ilipomfikia majani yalikuwa yamekwisha kuota kaburini, naye siku ile aliendelea kupima. Kisha akavaa kofia.

"Akitaka kwenda, aende. Masharti ameyasikia kila Jumatatu."

Njiani mama hakuniambia nirudi wala niende. Alitangulia tu, nami nikamfuata. Nilijua ninachokiacha. Nilijua pia kwamba aliyenitafutia kiti kile ndiye aliyelala mkekani akinisubiri, na kwamba kama angeweza kusema, angenifukuza nirudi darasani. Ndiyo maana nilikuwa nikilia, si kwa kifo chenyewe. Tulipanda hivyo mpaka mawingu yakatuzidi.

Walininyoa kando ya kaburi, kwa kisu kilichokuwa butu. Wakanipa jina. Wazee waliokuwa wakinituma maji juzi wakaninyooshea mikono wakinisalimu kama mwenzao, na mimi, kijana mwenye kucha fupi na kichwa chenye michubuko, nikaitikia kwa sauti niliyojaribu kuifanya nzito. Mama alikuja wa mwisho. Akapiga magoti mbele yangu, akaniita kaka. Nilimngoja aniite mwanangu baadaye, tukiwa peke yetu. Hakuniita hivyo tena.

Matanga yalipokwisha nilishuka mjini. Mwalimu wa Tanga alinikuta mlangoni, akaniangalia kichwa, akasema pole, na ndani nilimwona mgeni kwenye nafasi yangu, akiwa ameinama, akiandika njia yote. Ubaoni palikuwa na hesabu ambayo nisingeielewa. Walikuwa wamekwisha kusonga mbele.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Mama alikuwa akimenya mihogo uani. Alinisogezea kigoda, kile cha marehemu, akaendelea kumenya.

"Kaka," akasema, "yule mtoto wako wa shule, wamemrudisha nyumbani?"

Ilinichukua muda kujua anamuulizia nani.

"Wamemrudisha, dada."

Alitupa muhogo chunguni, akachukua mwingine.

"Usimgombeze. Alikuja kukuzika wewe."

Nikamwambia sitamgombeza.