Usaili wa Vaijayanti Mbele ya Wageni wa Posa

Vaijayanti Shirke, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, alipangiwa kuhojiwa mara mbili kwa saa ile ile: Jumapili, saa nne na robo asubuhi. Wa kwanza walikuwa maprofesa watatu wa taasisi ya misitu, ambao wangemhoji kwa njia ya kompyuta na kuamua kama apewe nafasi ya kuchunguza popo wa mapangoni kwa miaka miwili. Wa pili walikuwa akina Pisal kutoka mji wa Karad, waliokuwa wakija kumtazama kwa niaba ya kijana wao, Ninad.

Taasisi ilikuwa na waombaji sitini na nafasi moja, kwa hiyo haikumbadilishia saa yeyote. Baba yake, Mzee Dattatray, karani mstaafu wa idara ya umwagiliaji, naye alikataa kubadilisha, kwa sababu saa hiyo ilitoka kwa mnajimu.

"Nyota haziahirishwi, mwanangu."

"Na maprofesa je, Baba?"

"Hao ni watu. Watavumilia."

Tena katika nyumba yao yote hapo mjini Satara, mtandao ulishika sebuleni tu, karibu na dirisha. Basi kompyuta ikawekwa juu ya cherehani, wageni wakapangwa kwenye makochi yaliyoielekea, na Vaijayanti, akiwa amevaa sari ya kijani ya mama yake, akaambiwa agawe poha huku akijibu pande zote mbili. Poha haikwepeki. Msichana huingia na sahani za mchele uliopondwa na kukaangwa kwa kitunguu na manjano, na wageni humkagua huku wakitafuna.

"Nani hao nyuma yako?" aliuliza Profesa Iravati, mwenyekiti wa jopo.

"Wageni, Profesa."

"Sawa. Ardhi ya huko ni ya milima. Miguu yako ikoje?"

Kabla hajajibu, Mama Kusum, mama yake Ninad, alisema kutoka kwenye kochi, "Binti, hebu tembea kidogo tukuone."

Vaijayanti akatembea mpaka mlango wa jikoni na kurudi. Mama Kusum aliridhika kwamba hachechemei. Profesa mmoja aliandika kitu.

"Kwetu tunaishi watu kumi na mmoja," Mama Kusum aliendelea. "Utaweza kukaa na wengi?"

Lakini wakati huo Vaijayanti alikuwa akijibu kuhusu pango la utafiti wake wa chuoni. "Walikuwa elfu nne. Nimekaa nao miezi mitatu, hawakunisumbua."

Mama Kusum aliweka kijiko chini. "Mama Vaijayanti, huyu mtoto alikaa nyumba gani?"

"Ni popo, dada," mama yake alinong'ona. "Kula, inapoa."

"Elfu nne," Profesa Iravati alirudia, kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Uliwahesabu vipi?"

"Kwa picha, walipokuwa wakitoka pangoni jioni. Nilihesabu kwenye picha kila siku kwa siku kumi."

"Hukukosea?"

"Ameshasema elfu nne," alidakia Mama Kusum. "Mnataka aape?"

Ninad, aliyekaa kando ya mama yake, alijiongezea poha.

"Swali la mwisho," Profesa alisema. "Mwaka jana tulimpa nafasi msichana mmoja. Mwezi wa tatu nyumbani wakaja kumchukua, wakamwoza. Safari hii nataka kumsikia mtu mzima wa familia. Mnamruhusu miaka miwili, ndiyo au hapana?"

Vaijayanti alimtazama baba yake. Mwezi mmoja kabla, Mzee Dattatray alikuwa amemwahidi kwamba hatamzuia. Sasa akisema ndiyo, akina Pisal watainuka na kuondoka. Akisema hapana, atakuwa amemdanganya bintiye mbele ya watu. Alichagua kukohoa. Akakohoa kwa muda mrefu kupita kawaida ya kikohozi.

"Naona jibu ni hapana," alisema Profesa Iravati.

"Unaona kitu gani wewe?" Mama Kusum alikuwa amesimama, sahani mkononi, amesogea mpaka mbele ya cherehani. "Umemuuliza miguu, ametembea. Umemuuliza hesabu, amekupa. Sasa unamsema kama mtoto asiye na watu. Ruhusa ipo. Andika."

Profesa akaandika. Picha ikakatika.

"Kwa hiyo hiyo miaka miwili," Ninad alisema taratibu, "mimi nitakaa wapi?"

"Unapokaa sasa," Mama Kusum alimjibu.

"Lakini mimi sijakubali kuolewa, Mama," alisema Vaijayanti.

"Nani kakuuliza? Nimetoa ruhusa. Mwanangu sijamtoa bado."

Siku ya tano barua ikafika: nafasi ni yake, ilimradi fomu iliyoambatanishwa itiwe saini na yule aliyetoa ruhusa kwenye usaili. Mzee Dattatray alipanda basi hadi Karad, akarudi jioni na fomu. Saini ya Mama Kusum ilikuwa kubwa na imenyooka. Mbele ya maneno "Uhusiano na mwombaji" alikuwa ameandika: Bado tunaangalia.

Vaijayanti aliisoma mara mbili. Alifikiria kufuta. Kisha akaona kwamba taasisi ilitaka saini tu, akaitia fomu kwenye bahasha na kwenda posta kabla hawajafunga.