Ada ya Haki ya Bwana Tatu

Huyu fundi tunayemsema hapa kazi yake ni kufufua cherehani. Huzitoa stoo za watu zikiwa zimeshika kutu mpaka gurudumu haligeuki, akazifungua juu ya meza ya kulia chakula, akazisugua kwa mafuta ya taa, kisha akaziuza kwenye tovuti ya mnada. Mikono yake ni ya dhahabu na haijawahi kumtia matatani. Mdomo ndio wenye kesi. Na huo mdomo wenyewe una pengo, maana siku moja springi ilichomoka kwenye cherehani ikamng'oa meno mawili ya mbele, na tangu hapo kila akitamka neno lenye herufi S, hewa inapita na kupiga mluzi.

Sasa neno alipendalo kuliko yote ni asilimia. Tovuti ile hukata asilimia kumi na mbili ya kila bei, na jambo hilo linamnyima usingizi na kuwanyima wenzake amani.

"Haki ni tatu," humwambia mkewe kabla hata chai haijapoa. "Moja ya kuniwekea picha, moja ya kuniitia wateja, moja ya kunishikia hela mpaka mzigo ufike. Hizo tisa nyingine za nini? Wameshika bisibisi? Wamepakaa grisi?"

Mkewe hunywa chai yake. Hotuba hiyo ameisikia mara nyingi kiasi kwamba anaweza kuitoa mwenyewe fundi akiugua.

Wauzaji wana kundi lao la simu, na huko nako hakuna aliyepona. Mama anayeuza vitabu vikuukuu alisema yeye hata kumi angelipa kwa moyo mweupe, ilimradi siku moja simu yake ipokelewe na mtu badala ya muziki. Muuza saa za ukutani akasema ada ya haki ni sifuri, lakini huyo hata kodi ya nyumba anaiona dhuluma. Fundi alishikilia tatu yake wiki nenda wiki rudi, mpaka wakambatiza Bwana Tatu. Alijifanya kakasirika. Moyoni alifurahi mno.

Basi mwaka huo Bwana Tatu alikuwa na shida ya kweli. Binti yake alikuwa anahitimu chuo. Kwenye picha zote za familia tangu pengo lilipoingia, fundi alikuwa kabana midomo kama mtu anayesubiri hukumu. Binti akamwambia polepole, "Baba, safari hii ucheke." Neno hilo lilimchoma. Akaenda kwa daktari wa meno, akapimwa, akatajiwa laki na nusu kwa meno mawili.

Hela hiyo hakuwa nayo, ila alikuwa na cherehani ya miguu, ile yenye meza ya mbao na droo nne, aliyoihangaikia miezi minane. Thamani yake laki na themanini, na hakuna aliyebisha. Hata tovuti ingekata kumi na mbili zake, meno yangepatikana na chenji ikabaki. Mtu mwingine angeiuza akalala. Huyu hakuweza. Kila akifumba macho aliona zile elfu ishirini na kitu zikiondoka zake.

Mnunuzi wa karibu alikuwapo. Mdogo wa mkewe, fundi wa nguo anayekaa ghorofa ya chini yao, aliitamani cherehani ile tangu ikiwa vipande vipande. Fundi alimkatalia katakata. "Ndugu siwauzii," alisema. "Ndugu bei anaisikia kwa sikio moja." Shemeji akacheka, akashuka zake, na halikuzungumzwa tena.

Siku ya kuiweka mnadani, fundi alikaa mbele ya simu na miwani puani, akagundua jambo lililomfanya ajipigepige paja. Ada hukatwa kwenye bei tu. Kwenye nauli ya mzigo hawagusi kitu. Akaandika bei ya kuanzia mia tano, na nauli laki na themanini.

"Huo ni ujanja au wizi?" mkewe aliuliza akichungulia.

"Ni hesabu. Mwenye akili ataelewa kwamba hela iko kwenye nauli."

Kisanduku kimoja kilibaki: mnunuzi akija kuchukua mzigo mwenyewe, alipe nauli kiasi gani? Fundi alikiacha wazi, simu ikakataa kuendelea. Akakereka. Wateja wake wote huwa wa mbali, nani apande ngazi zote hizi kufuata dubwana la chuma? Akaandika sifuri, akabonyeza, yakaisha.

Mnada ulifungwa Jumamosi adhuhuri. Bei ilifika mia tisa, na mshindi alijiita Sindano Kali. Fundi alipoona ada ya tovuti ni mia moja na nane tu, alicheka mpaka akakohoa. Akaanza kuliandikia kundi la wauzaji ujumbe mrefu wa kuwafungua macho. Hajafika katikati, mlango ukagongwa.

Alikuwa shemeji. Nyuma yake walisimama wapagazi wawili wenye kamba.

"Shikamoo shemeji. Nimefuata mzigo wangu."

"Marahaba. Mzigo gani?"

Shemeji akamwonyesha simu. "Sindano Kali ndiye mimi. Mia tisa yako hii hapa."

Macho yalimtoka fundi. "Aa, shemeji, hiyo mia tisa ni ya juu juu tu. Hela yenyewe iko kwenye nauli."

"Nauli ya kutoka hapa mpaka hapo chini? Si umeandika mwenyewe sifuri?"

Fundi akapiga hesabu. Angeuvunja mnada, tovuti ingemfungia, na kule ana nyota mia mbili na kumi na moja za wateja walioridhika, ambazo huwaonyesha mpaka wasomaji wa mita. Asipouvunja, meno ndiyo kwaheri, na binti atapiga picha na baba bubu. Akamtazama mkewe amwokoe. Mkewe alikuwa anakunja shuka kwa uangalifu ambao hajawahi kuuonyesha kwa shuka lolote.

"Shemeji," fundi akaanza, sauti imelegea, "tuongee kama watu wazima. Thamani yake unaijua."

"Laki na themanini. Naijua."

"Basi nilipe hiyo, na mimi nikukatie ada yako."

"Ada ya nini?"

"Ya usumbufu. Ya kuja mpaka hapa. Chukua," na hapa ulimi ukamponyoka kwa woga, "chukua asilimia ishirini."

Shuka lilisimama hewani. Wapagazi, ambao hawakujua lolote, nao waliona kuna jambo limesemwa.

Shemeji akafungua mkoba taratibu, akatoa bahasha. "Shemeji, mimi sikuja kukudhulumu. Ulikataa kuniuzia, nikasema nikupitie mnadani. Humu niliweka laki na themanini yako, nikatoa tatu tu, ile unayotuhubiria. Nikajua ukiiona utaridhika, maana umesema mwenyewe ndiyo haki." Akaanza kuchomoa noti, moja baada ya nyingine, akizirudisha mkobani. "Lakini mwenye mali akitaja ishirini kwa kinywa chake, mimi nani nimbishie?"

Akabakiza laki na arobaini na nne, akaiweka mezani juu ya vumbi la kutu, na juu yake ile mia tisa. Cherehani ikatoka mlangoni, fundi akiwaambia wapagazi waangalie droo ya kushoto, maana mikono yake ilikuwa bado inaipenda.

Fundi aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Angewaachia wale watu kumi na mbili zao, sasa hivi angekuwa njiani kwenda kwa daktari. Sasa kapungukiwa elfu tano na kitu, na aliyempunguzia ni yeye mwenyewe.

Mkewe akaweka shuka chini. Akaenda chumbani, akarudi na elfu sita kutoka pochi yake, akazilaza juu ya zile nyingine.

Fundi alimtazama. "Mke wangu, nitakurudishia. Tena juu yake nitakuongezea asi—"

"Ukilimaliza hilo neno," mkewe akasema, "nazichukua."

Fundi akazikusanya hela, akavaa kofia, akashuka ngazi akiwa kabana midomo.