Alfajiri ya Sayari Tano

Harufu ya tumbaku inayokauka haifanani na ya sigara. Ni tamu, kama asali iliyomwagikia nyasi kavu, na ukiwa umezaliwa Usoke huisahau hata ukikaa mjini miaka hamsini. Juzi lori lililobeba marobota lilikwama mbele ya nyumba yangu hapa Isevya, Tabora mjini, harufu ikaingia hadi sebuleni. Jioni ileile mjukuu wangu akaniletea simu yake. "Babu, sayari zitapangana alfajiri. Utaamka tuzione?" Nikamjibu kwamba macho yangu mabovu. Macho yangu ni mazima. Naomba niwaeleze ninyi nilichoshindwa kumweleza yeye.

Tulizaliwa mapacha. Kwetu Unyamwezini jina la mapacha halimsumbui mtu: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mimi ni Doto. Kulwa alinitangulia kuzaliwa, kuota meno na kujua kugawanya. Tulipokuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, baba alituambia wazi kwamba hawezi kusomesha wawili. Mmoja angekwenda sekondari Tabora mjini, mwingine angebaki naye kwenye tumbaku. Hakuna aliyeuliza ni nani angekwenda. Mama alikuwa ameshaanza kumshonea Kulwa kaptula.

Tumbaku yetu tuliikausha kwenye bani, kibanda kirefu cha udongo kisicho na madirisha, isipokuwa kitundu kimoja cha kuchungulia kipimajoto. Moto uliwashwa nje, mdomoni mwa tanuri, joto likapita ndani kwenye mabomba chini ya majani yaliyoning'inia kwenye fito. Siku tatu za kwanza ndizo za hatari. Jani linatakiwa kugeuka njano polepole. Likipata moto mkali mapema, linaiva na ukijani wake na halifai tena. Kwa hiyo baba alifunga uzi mwekundu kwenye kipimajoto, akasema tusiuvuke. Tulichunga kwa zamu, na kila zamu ilipobadilika wawili tulichungulia pamoja, tukaona joto liko wapi, ndipo mmoja akaenda kulala. Baba aliliita jambo hilo kukabidhiana. Alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, na nadhani hata Komunyo hakuitazama kwa uzito kama huo.

Wiki hiyo mwalimu wetu alituambia kwamba Jumamosi alfajiri sayari tano zitaonekana kwa mstari upande wa mashariki, na anayetaka amkute kwenye tuta la reli. Jumamosi hiyo zamu ya kwanza ilikuwa ya Kulwa. Aliniamsha jogoo wa kwanza alipowika, tukachungulia, akaenda kulala. Kulipokaribia kupambazuka, nilisukuma magogo manne makavu tanurini ili moto usizimike nikiwa mbali. Kisha nikakimbia.

Mvua ilikuwa imekatika siku mbili na mbingu ilikuwa safi. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya tuta na watoto sita, ananyoosha fimbo yake ya darasani. Chini kabisa, Utaridi, imefifia. Juu yake Zuhura, nyeupe ya kukufanya upepese macho. Kisha Mirihi yenye wekundu wa kutu, Mshtarii, na Zohali juu ya zote. Zilipanda mshazari, kama wapagazi wanaopanda mwinuko mmoja nyuma ya mwingine.

"Hiyo ya chini si taa ya stesheni?" mmoja wetu akauliza.

"Taa ya stesheni iko nyuma yako," mwalimu akasema. "Na wewe ndiye unayetaka kuwa dereva wa treni."

Tulicheka. Mwalimu akatuambia kwamba reli ile inafuatana na njia ya misafara ya zamani kwenda Ujiji, na kwamba babu zetu waliamka kwa Zuhura hiyohiyo, wakajitwika mizigo. Nilisimama pale hadi mwanga ukazifuta zote. Nilisahau kabisa kwamba nina zamu.

Niliporudi, harufu ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya asali bali ya mboga za majani zilizochemka. Nilichungulia, joto lilikuwa limeuacha uzi chini, mbali sana. Nilikokota makaa mengi nje, nikayamwagia maji, nikafungua tundu la hewa la kwenye paa, nikakaa nikichungulia hadi joto lilipoteremka. Lilipogusa uzi, ndipo nikaenda kumwamsha Kulwa.

"Zamu yako."

Tulichungulia pamoja. "Kwenye uzi," akasema kwa sauti ya usingizi. Nikaenda kulala.

Baba alitoka shambani saa tatu akamkuta Kulwa amesinzia, kidevu kwenye magoti. Alifungua mlango wa bani. Nilimsikia akilitaja jina la Mungu kwa sauti ndogo, nikatoka nje.

"Mlikabidhiana?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye uzi."

Akamgeukia Kulwa. Ndugu yangu alikuwa analia. "Ni kweli, baba. Niliona mwenyewe. Ilikuwa kwenye uzi."

Baba hakumpiga. Alisema tu, "Anayelala kwenye moto atalala hata darasani." Januari iliyofuata mimi ndiye niliyepanda treni kwenda Tabora, nimevaa kaptula iliyokatwa kwa kipimo cha Kulwa. Ilinienea vizuri, tulikuwa mapacha.

Nilisoma hadi kidato cha nne nikapata kazi ya karani. Mara nyingi nilipanga kusema. Nilijiambia ngoja baba apone, halafu baba akafa. Nilijiambia ya nini kufukua mambo, na Kulwa mwenyewe anaonekana ana raha, ana mabani matatu. Hizo zilikuwa njia zangu za kuogopa, hazikuwa kitu kingine.

Asubuhi baada ya mjukuu kuniletea simu, nilipanda basi hadi Usoke.

"Mtu wa mjini, hata sukari hujaleta?" Kulwa alinipokea. Shemeji akacheka, akaenda kuchemsha chai. Nikamwambia Kulwa yote, bila kukaa.

Akavua kofia yake. "Kwa hiyo sikulala?"

"Ulilala. Lakini ulipopokea zamu, majani yalikuwa yameshaharibika. Tumbaku niliiunguza mimi."

"Doto, watoto wangu saba. Hakuna niliyewahi kumwachia zamu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nakesha mwenyewe, msimu mzima. Najitia pilipili machoni. Nilijua mimi ni mtu wa kulala."

Kulwa akainuka.

"Unaniambia mimi kwa nini?" akasema. "Aliyeniita mlalaji siyo mimi. Twende."

Tukaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi la baba. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyeacha moto siku ile.

"Rudia," Kulwa akasema nyuma yangu. "Utaje jina langu."

Nikarudia. Nikasema Kulwa hakuunguza tumbaku, baba, Kulwa aliona sawasawa. Ndugu yangu akaegemea mti wa uzio akafuta uso kwa kofia.

Nilipokuwa mtoto nilidhani nilichomnyang'anya ni shule, na nilijifariji kwamba wengi hawakusoma na wakaishi vizuri. Sikujua kwamba siku ile nilimfanya asiyaamini macho yake mwenyewe, na kwamba alikuwa akilipa hilo kila msimu, peke yake mbele ya moto, huku mimi nikilala mjini.

Alinisindikiza hadi kituo cha basi. Hakusema kama amenisamehe, nami sikumwuliza. Basi lilipokuja alinishika mkono akaniambia kwamba usiku ule kijana wake mdogo ndiye atakayechunga bani, na yeye atajaribu kulala.