Sala ya Macho Wazi

Juzi mchana nilikuwa nakula wali wa nazi katika mkahawa mmoja pale mtaa wa Kuze, huku pwani, akaingia mfanyakazi wa reli na sare yake, pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Lafudhi yao ilikuwa ya bara. Sahani zilipofika, baba akamwambia binti, "Leo zamu yako. Na kumbuka, sala ya jana hairudiwi." Kumbe ndiyo sheria ya meza yao: kila siku lazima ushukuru kwa jambo jipya.

Mtoto akaunganisha viganja, lakini macho yakabaki wazi, yakizunguka mkahawa mzima.

"Fumba macho, mwanangu," mama yake akanong'ona.

"Nikifumba, nitamwonaje wa kumshukuru?"

Baba akakohoa. Sisi wateja tukaacha kutafuna.

"Mungu, asante kwa bibi aliyetukunia nazi. Kidole chake kimefungwa kitambaa. Mponye. Amina."

Bibi mwenye mkahawa, Mswahili wa papo hapo Kuze, alikuwa amesimama nyuma yao na kibakuli cha achari. "Amin!" akaitikia, sauti ikawashinda wote. Kisha akamgeukia baba: "Mwanangu, mbuzi ya kukunia nazi ilinikata alfajiri. Tangu hapo nawapakulia watu, na wa kwanza kukiona kidole hiki ni mjukuu wangu huyu."

Baba akajitia kutafuta ndimu, lakini kifua chake kilikuwa kimejaa kuliko sahani.

Wazazi mnaowafinya watoto wakichungulia wakati wa sala, hebu waacheni wachungulie. Sisi wengine tulikuwa macho wazi muda wote, na tulichoona ni wali tu.