Kofia ya Dainosa

Fomu ya wakala wa yaya ilikuwa na maswali ishirini na mawili, na Noeline Pascoe alijibu ishirini na moja kwa ukweli mtupu. Cheti cha huduma ya kwanza? Anacho. Kibali cha polisi cha kufanya kazi na watoto? Anacho, tena kipya. Miaka ya kulea? Ishirini na sita, yote katika kituo kimoja cha watoto kwenye mji mdogo wa Cooma, hadi mwenye kituo alipouza jengo likageuzwa duka la kukodisha mbao za kutelezea thelujini. Swali la mwisho liliuliza: Unajua kuteleza kwenye theluji? Hapo kalamu ilisita. Kisha akaandika: Kidogo.

Kidogo, wapi! Noeline alikuwa na miaka hamsini na sita, kazaliwa Cooma, kakulia Cooma, na theluji alikuwa akiiona kwa mbali tu anapoanika nguo. Watu wa Cooma ndivyo walivyo. Mlima uko mwendo wa saa moja kwa gari, lakini mlima ni wa watu wa Sydney. Wao kazi yao ni kuwauzia petroli na pai za nyama wakipita. Wengi wamezeeka bila kufunga ubao mguuni hata siku moja. Ila mtu wa Sydney ukimwambia hivyo haamini, na wakala mwenyewe, Bi Glenys, alikuwa mtu wa Sydney.

Alipiga simu Jumatano, siku tatu kabla ya likizo ya shule ya Julai, ambayo kwao ndiyo kilele cha baridi.

"Dada, una bahati. Yaya wangu mmoja kavunjika kifundo cha mguu. Ni familia ya Tsakiris, mtoto mmoja wa miaka minne, wiki nzima huko mlimani. Utaweza kuanza Jumamosi?"

"Hata leo."

"Basi nisikilize. Mimi sikujui. Mama mtu akinipigia mwisho wa wiki akakusifu, nakupa familia nyingine, na nyingine, mpaka theluji iyeyuke. Asipokusifu..."

"Asiponisifu?"

"Nafuta jina, dada yangu. Mimi nauza uaminifu, sina bidhaa nyingine."

Noeline alikata simu akakaa kitako jikoni. Tangu Februari alikuwa amebisha kila mlango: shule, hospitali, hata duka la mbegu. Wote walimwambia watampigia, na simu ikakaa kimya kama imekatwa waya. Binti yake Shelley alipopata habari hakuficha mawazo yake.

"Mama, hiyo ni kazi ya wasichana wa miaka ishirini. Wanakwenda kule kuteleza na kutafuta wachumba."

"Mimi nakwenda kufuta watoto kamasi," Noeline akasema. "Wachumba nawaachia wao."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini usingizi haukuja usiku ule, wala uliofuata.

Imogen Tsakiris alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, anayekutazama mpaka unahisi umevaa nguo nje ndani. Mumewe Stelio ndiye aliyekuwa mcheshi. Siku ya kwanza walimwazima Noeline buti za kutelezea, zile nzito za plastiki, akazivaa akatembea nazo hadi mlangoni kwa mwendo wa bata, akajitetea kwamba leo mgongo unamsumbua, heri abaki na mtoto chini. Hakuna aliyembishia. Yeye akashukuru Mungu kimoyomoyo, akidhani ameponea chupuchupu.

Mtoto aliitwa Odette, wakimwita Odi. Macho ya kijivu, mashavu mekundu, na neno hata moja hasemi. Kwa wazazi wake alinong'ona kidogo sikioni. Kwa mtu mwingine yeyote alikuwa bubu.

"Usimlazimishe," Imogen alisema. "Hadi mwaka jana alikuwa anaongea sana."

Akaishia hapo. Noeline hakuuliza, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia anaumwa, hawezi kukuambia anaogopa, na akipotea hawezi kumwambia mtu anakaa wapi. Basi alifanya alilolijua. Kila mara kabla ya kuondoka mahali, nyumbani au nje, alipiga magoti, akanyanyua ile miwani mikubwa ya theluji, akamfuta Odi pua. Mlimani pua hazikauki. Siku ya pili Odi alikwisha zoea, anainua kidevu mwenyewe na kusubiri.

Kilichomtoa Noeline jasho kilikuwa shule ya kuteleza. Asubuhi unamwacha mtoto, saa sita mchana unamchukua, unatia sahihi, unaondoka. Rahisi kusema. Lakini watoto walikuwa arobaini, wote vizibao vya njano, wote helmeti, wote miwani, wote shali hadi puani. Ukiwatazama kutoka kwenye uzio ni kama mayai kwenye trei. Siku ile ya kwanza alisimama pale akikodoa macho, asimjue mtoto wake ni yupi hadi alipobaki peke yake.

Jioni hiyo hiyo alikwenda dukani akanunua kifuniko cha helmeti, dainosa wa kijani mwenye miiba ya rangi ya chungwa mgongoni. Jumapili na Jumatatu mambo yakawa mteremko. Dainosa alionekana hata kutoka chooni. Noeline akaanza kupumua, na hata chakula akaanza kukisikia ladha.

Jumanne saa sita alifika kwenye uzio kama kawaida. Mwalimu wao, msichana aitwaye Tamsin, alikuwa na orodha mkono mmoja na mtoto anayelia mkono mwingine.

"Dainosa!" akaita. "Odi, yaya wako huyu hapa!"

Noeline akatia sahihi, akashika kiganja kidogo chenye glavu, wakaondoka. Mtoto alitembea kimya. Kwa Odi kimya kilikuwa ndiyo kawaida. Walipokaribia kituo cha basi la bure Noeline akakumbuka pua. Akapiga magoti, akatoa kitambaa.

Mtoto akarudi nyuma. "Unafanya nini?"

Sauti! Kwa sekunde moja Noeline aliona raha isiyo kifani: Odi amesema, amesema kwangu! Kisha akanyanyua miwani. Macho yaliyomtazama yalikuwa meusi tii, na jino la mbele halikuwepo.

"Wewe nani?"

"Wren."

"Kofia hii umeipata wapi?"

"Tumebadilishana wakati wa chokoleti ya moto. Yeye nimempa ya farasi mwenye pembe."

"Na ukanifuata tu?"

"Ulinishika mkono," Wren akasema, kwa sauti ya mtu anayeona swali hilo halina akili. "Babu ndiye anakuja kunichukua. Leo tunarudi kwetu Canberra. Gari limeshapakiwa."

Noeline akainuka haraka. Akatazama saa yake: saa sita na dakika kumi na mbili. Hakujua kwa nini alitazama. Mkono ulijiinua wenyewe. Akamnyakua Wren, akamtia kiunoni, akakimbia. Mtu ambaye hakuwahi kuteleza maishani aliteleza siku hiyo mara mbili, zote kwa makalio, na mara zote mbili mtoto alibaki juu.

"Mwingine," aliweza kusema alipofika kwa Tamsin, akitweta. "Mwenye farasi. Yuko wapi?"

Tamsin alipekua orodha. "Wren? Babu yake kamchukua, kama dakika kumi hivi. Nimemwonyesha mwenyewe, yule mwenye kofia ya..." Akamtazama Wren mikononi mwa Noeline, rangi ikamtoka usoni. "Yesu."

"Mpigie simu huyo babu!"

Tamsin akapiga. Ikaita. Ikaita. Haikupokelewa. Noeline hakusubiri, akashika njia ya maegesho, huku akiona kila kitu mbele ya macho yake. Mtoto yule hatasema. Ataingizwa kwenye gari la mtu asiyemjua, atafungwa mkanda, atapelekwa mbali, na hatasema. Imogen na Stelio wako juu kileleni, simu mfukoni, wanacheka. Wala hakuwa tena akiogopea jina lake kufutwa. Alikuwa akiomba, akirudia maneno yale yale, asiondoke, asiondoke, asiondoke.

Wren akanyoosha kidole: gari jekundu la babu yake lilikuwa bado lipo, injini inanguruma, mlango wa nyuma wazi. Mzee mmoja mnene alikuwa amejipinda kando yake, akimbembeleza mtoto mwenye kofia ya farasi aliyekaa chini kwenye theluji na kukumbatia nguzo ya taa kwa mikono na miguu.

"Wren, mpenzi wa babu, usinifanyie hivi. Babu ana mgongo mbovu. Twende, bibi katupikia."

"Siendi," mtoto akasema, wazi, kwa sauti iliyofika mbali. "Noeline bado hajanifuta pua."

Mzee akanyooka polepole. "Noeline ndiye nani?"

"Ni mimi," Noeline akasema. "Na Wren wako huyu hapa."

Mzee, aliyekuwa akiitwa Alwyn, alimtazama dainosa, akamtazama farasi, kisha akakaa kwenye ukingo wa gari. "Mungu wangu. Ningefika naye Canberra."

Noeline alikwisha piga magoti. Akanyanyua miwani: macho ya kijivu, makavu, yamekasirika kidogo kwa kucheleweshwa. Odi akainua kidevu. Kitambaa kilimpita pua mara mbili kabla ya kufika mahali pake. Akatazama saa. Saa sita na dakika ishirini na tisa.

"Sikiliza, dada," Alwyn akasema kwa sauti ya chini, akimfunga Wren mkanda. "Hakuna aliyeumia. Tuyamalize hapa hapa. Mimi nyumbani sitafungua mdomo, binti yangu atanipiga marufuku kumchukua mjukuu. Na wewe una waajiri."

"Ninao," Noeline akajibu.

Njia nzima ya kurudi maneno ya mzee yalimwendea masikioni kama inzi. Odi alikula supu, akalala. Noeline akakaa mezani. Ajue nani? Tamsin hatasema, anaogopea kibarua chake. Mzee keshaondoka. Mtoto hasemi; na hata kama sasa ameanza kusema, nani atamwamini mtoto wa miaka minne anayezungumzia dainosa na farasi? Siku nne tu zimebaki, asifiwe, apewe familia nyingine mpaka theluji iyeyuke. Akifungua mdomo, unga umemwagika.

Lakini kule kituoni Cooma, kwa miaka ishirini na sita, mtoto akigonga goti iliandikwa fomu. Akiumwa na mwenzake, fomu. Mzazi akija kumchukua anasoma, anatia sahihi, ndipo anaondoka na mwanawe. Noeline mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafokea wasichana wapya: mzazi hapati habari kwa mtoto, anapata kwetu, leo, siyo kesho. Wasichana wangapi aliwaliza kwa maneno hayo? Sasa ilikuwa zamu yake, na aliona jinsi maneno yalivyo mepesi ukiwa umesimama upande wa kufoka.

Akachukua ramani ya mlima, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake. Saa. Mahali. Kilichotokea. Hatua zilizochukuliwa. Alipomaliza akaona nafasi imebaki, akaongeza: Jambo la pili. Sijui kuteleza. Kwenye fomu ya wakala nilidanganya. Chini akachora mistari miwili: Sahihi ya mzazi. Maoni ya mzazi.

Wazazi walirudi saa kumi na nusu, wamechoka na wenye furaha. Noeline alimpa Imogen karatasi kabla hajavua koti. Hakuweza kuisoma kwa sauti.

Imogen alisoma amesimama. Stelio aliacha kufungua buti.

"Dakika kumi na saba," Imogen akasema hatimaye. "Umezipataje?"

"Nilitazama saa nilipomwona Wren, na nilipomwona Odi. Fomu inataka hivyo."

"Na ni kweli kasema? Kasema jina lako?"

"Kalisema kwa nguvu. Mzee Alwyn ni shahidi, namba yake nimeipata shuleni, iko hapo chini."

Imogen akavuta kiti. "Mwaka jana tulikuwa na msichana hapa, wiki nzima. Kila jioni nikimwuliza, ananiambia kila kitu kilikwenda vizuri. Vizuri kabisa. Tulirudi nyumbani na mtoto asiyesema. Nimempigia yule msichana mara kumi, Noeline. Mpaka leo ananiambia vizuri kabisa. Sijui mwanangu alipatwa na nini, na sitajua."

Stelio alinyoosha shingo akasoma mstari wa mwisho, akaguna.

"Hili la kuteleza tulilijua Jumamosi. Buti ya kushoto uliivaa kulia."

Imogen hakucheka. Aliomba kalamu, akatia sahihi, akaandika maneno machache chini yake, akaweka karatasi mezani, akaingia chumbani kwa mtoto. Mlango ukafungwa. Noeline akajua yamekwisha. Akaanza kufikiria atapanga nini kwanza kwenye begi, na atamwambiaje Shelley. Kisha, kwa kuwa fomu lazima isomwe ikirudi, akaisogeza karibu na dirisha.

Maoni ya mzazi: Nitampigia Glenys leo, nimweleze yote mawili. Na nitamwambia sitaki yaya mwingine ila wewe.

Noeline aliisoma tena, neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari. Ndani ya chumba Odi alikuwa anamsimulia mama yake jambo refu kuhusu farasi mwenye pembe. Noeline akatoa kitambaa mfukoni, kile kile cha mchana, akajifuta pua yake mwenyewe.