Kikombe cha Mchunga

Mjini watu hununua mchunga sokoni kwa mboga. Kwetu Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa, tunaung'oa kwenye ufuta kwa hasira, maana ni gugu. Mama hakuwa na hasira nao. Aliung'oa na mizizi yake, akauosha, akautandaza kwenye ungo upenuni, kivulini, mpaka ukawa unavunjika ukiguswa, kisha akautia kwenye kopo. Tumbo likijaa gesi, anachemsha mchunga. Homa ikinyemelea, mchunga. Hata mgeni mzima asiyeumwa popote alitiliwa, eti ajikinge.

Uchungu wake sijui niuelezeje. Ulimi unakataa kwanza, halafu koo, halafu roho yenyewe.

Mimi ni mshonaji, naishi Nachingwea mjini. Kila nilipokwenda kumsalimia nilipewa kikombe kikubwa cha bati, kimejaa. Mama akirudi jikoni kusonga ugali, mimi nazunguka nyuma ya nyumba, naumwagia mpapai. Narudi nafuta mdomo. "Asante mama, nasikia mwili umechangamka." Miaka yote nilisema hivyo hivyo, uso mkavu. Naye akawa anapunguza. Kikombe kilichojaa kikawa nusu, na mwishoni akawa ananitilia kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Nikadhani ni uzee, mgongo haumruhusu tena kuinama shambani. Kusema kweli nilifurahi.

Alipofariki, siku ya tatu tulisoma hitima. Niliagiza majani ya chai ya dukani na sukari ya kutosha, maana sikutaka watu waondoke wakisema kwetu bado tunakunywa magugu. Tulikuwa tumekaa uani kwenye mikeka, wanawake peke yetu, alipoingia mtani wetu, mama mmoja wa Kiyao, jirani na shoga wa mama wa siku nyingi. Sisi Wamwera na Wayao ni watani, na mtani msibani haombi ruhusa; kazi yake ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Alikuwa amejifunga kanga ya mama, mgongo ameupinda kama wake, mkononi ameshika kile kikombe cha bati kinatoa mvuke. Akawapitia wazee mmoja mmoja akiwanusisha. "Kunywa, ujikinge." Waliokuwa wanalia wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Kisha akaacha kuwa mama, akawa mimi. Akatembea kwa madaha ya mjini, akachungulia jikoni, akanyata hadi kwenye mpapai, akajifanya anamwaga, akafuta mdomo.

"Asante mama, nasikia mwili umechangamka."

Maneno yangu, na sauti yangu. Ua mzima ulicheka, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nikafungua pindo la kanga nikatoa noti, kwani mtani ukimpa kitu huwa anaacha. Akausukuma mkono wangu.

"Hela yako weka, mtani. Mwenzangu alikuwa anakuona. Dirisha la jiko si linatazama huko huko kwenye mpapai?"

Nikaifunga tena noti kwenye pindo.

"Nilimwambia, mseme mwanao. Akasema, mwanangu anaona haya kukataa, na mimi naona haya kumfumania. Basi ngoja nimpunguzie, asipate tabu ya kumwaga."

Kicheko kiliisha kwenye mikeka. Akanikabidhi kikombe, kimejaa kama zamani. Nikanywa mbele za watu wote nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu ya mtu aliyestahiwa miaka yote na yule yule aliyekuwa akimdanganya. Nilifika katikati, koo likakataa. Nikabaki nimekishika kikombe, na macho yakaenda yenyewe kwenye mpapai.

Mtani aliyaona. Nikasubiri anicheke, ndiyo kazi yake. Hakunicheka. Alikichukua kikombe mkononi mwangu taratibu, akafuta ukingo kwa kanga ya mama, akanywa kilichobaki.